Mali Bila Daftari

Wahenga wa mwambao waliishi kwa biashara, na katika maneno waliyoyaacha limo hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Uzito wa methali hii umo katika neno lake la mwisho. Kupotea kwa mali ni jambo la kawaida duniani, kwani chombo huzama, ghala huungua na mdeni hukimbia. Msiba mkubwa zaidi ni kupotea bila habari, ambapo mwenye mali hajui ni lini ilianza kupungua, kwa mkono wa nani, wala kwa sababu gani. Asiyeyajua hayo hana pa kuanzia kutafuta.

Watu wa ushairi wanaifahamu vyema hasara ya namna hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki vifuani mwa watu hadi zilipokuja kukusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir nao umefika katika zama hizi kwa njia ya miswada isiyokubaliana kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake. Kila mnakili aliacha alama ya mkono wake. Mmoja aliruka ubeti kwa kusahau, mwengine aligeuza neno kwa kudhani kwamba anasahihisha, wa tatu aliongeza alichokisikia kwa mwalimu wake. Aghalabu hapana hata mmoja wao aliyeandika pembeni: hapa nimebadili, na sababu yangu ni hii. Mtafiti wa leo huzilaza nakala mbele yake moja kando ya nyengine, akalinganisha, kisha akakisia.

Wako waandishi wengine wa zama hizi ambao maandishi yao hupita katika mikono mingi zaidi kuliko utenzi wowote uliopata kunakiliwa. Hao ni waandishi wa programu huria za kompyuta. Programu huitwa huria pale msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata katika kazi yake, unapowekwa wazi ili kila atakaye ausome, aunakili, aubadili na kuusambaza. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini cha Linux leo kimo ndani ya simu zote za Android na ndani ya seva nyingi zinazoubeba mtandao wa intaneti. Walioshiriki kukiandika ni maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Suala linalowakabili ni lile lile la mnakili wa kale: maandishi yanayoguswa na kila mtu yatabakije kuaminika?

Jawabu la suala hilo lilianza kutafutwa mapema. Mwaka 1972, katika maabara za Bell nchini Marekani, Marc Rochkind alitengeneza SCCS, programu iliyoweka kumbukumbu ya kila badiliko linalofanywa katika faili. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa RCS, kisha ikaja CVS, iliyowawezesha watu wengi kufanya kazi katika hazina moja. Ajabu ni kwamba Linux yenyewe kwa muda mrefu haikuwa na daftari rasmi. Watu waliandika viraka, wakavituma kwa barua pepe, na Torvalds akavishona kimoja kimoja katika nguo kuu. Mwaka 2002 alianza kutumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi ambayo waandishi wa Linux waliruhusiwa kuitumia bila malipo. Mwaka 2005, baada ya mzozo juu ya masharti yake, ruhusa hiyo ikaondolewa. Hapo ikadhihirika kwamba kazi iliyo huru ilikuwa imehifadhiwa ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mwengine.

Mwezi wa Aprili mwaka huo Torvalds akaketi kuandika daftari lake mwenyewe. Alilipa jina la Git, neno ambalo katika Kiingereza cha mitaani huko Uingereza ni tusi jepesi la kumwita mtu asiyefaa, naye akatania kwamba huzipa kazi zake zote jina lake mwenyewe. Siku chache tu baada ya kuanza, Git ilikuwa inayatunza mabadiliko ya msimbo wake yenyewe. Mwezi wa Juni toleo la 2.6.12 la kiini cha Linux likatoka, la kwanza lililotunzwa kwa chombo hicho kipya, na mwezi wa Julai akamkabidhi ulezi wake Junio Hamano.

Mpenzi wa mashairi anaweza kuufahamu utaratibu wa Git kwa urahisi kuliko anavyodhani, maadamu analijua shairi la pindu. Katika pindu, maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, hata shairi zima likawa mfano wa mkufu. Atakayejaribu kuchomoa ubeti wa katikati, au kuugeuza mwisho wake, ataumbuliwa na ubeti wa pili yake. Katika Git, kila badiliko linaloingizwa daftarini hupigiwa hesabu inayozaa muhuri wa tarakimu na herufi 40. Muhuri huo hutokana na hali ya faili zote kwa wakati huo, jina la mwandishi, tarehe, maelezo aliyoyaandika, pamoja na muhuri wa ingizo lililotangulia. Akitokea mtu akabadili nukta moja katika ingizo la miaka kumi iliyopita, muhuri wake utakuwa mwengine, na mihuri ya maingizo yote yaliyofuata itakuwa mingine, na kila mwenye nakala atauona mkufu umekatika. Na wenye nakala ni wengi, kwani kila anayeichukua kazi huichukua kwa kawaida pamoja na tarikhi yake yote.

Daftari hili pia humtenganisha mtunzi na mnakili. Kila ingizo hubeba majina mawili, la aliyeliandika badiliko na la aliyelitia katika hazina. Wakati mwengine wote ni mtu mmoja, wakati mwengine ni watu wawili walio mabara mbalimbali. Waandishi wa Linux waliongeza jambo jengine mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya SCO ilikuwa imeishitaki IBM kwa madai kwamba msimbo usio halali umeingizwa katika Linux, ikawa lazima ijulikane kila mstari umetoka wapi. Tangu hapo kila anayepeleka kiraka hutia mwishoni jina lake na anwani yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Kila mlezi anayekipokea na kukipitisha hutia lake chini yake. Washairi wa mwambao waliojitaja katika beti za tamati hawangeshangazwa na desturi hiyo.

Faida ya daftari ilionekana hata kabla ya Git kuzaliwa. Mnamo Novemba 2003 hazina kuu ya Linux ilikuwa katika BitKeeper, na kwa ajili ya wasiopenda kuitumia programu hiyo kulikuwa na nakala iliyowekwa katika CVS. Mtu asiyejulikana aliivamia seva yenye nakala hiyo akaingiza mistari miwili tu. Kwa mtazamo wa haraka, mistari hiyo ilikuwa ikiuliza kama mtumiaji ni mkuu wa mfumo, mwenye namba sifuri. Lakini katika lugha ya C, alama mbili za usawa huuliza, na alama moja huamuru. Palipostahili alama mbili paliwekwa moja. Kwa kuacha kistari hicho, swali liligeuka amri, na yeyote aliyejua namna ya kubisha mlango angefanywa mkuu wa mfumo. Hila hiyo haikufika mbali. Walinzi wa hazina waliona kwamba nakala ina badiliko lisilo na mwenziwe katika daftari kuu: halikuwa na idhini wala asili. Hitilafu ya kistari kimoja iligunduliwa kwa sababu nasaba yake haikupatikana.

Hata hivyo, daftari lenyewe ni chombo tu. Linaweza kumlazimisha mtu aseme nini kimebadilika, lakini haliwezi kumlazimisha aseme kwa nini. Hapo ndipo adabu ya mwandishi inapoanza, na adabu hiyo ina kanuni zake ambazo wenye uzoefu katika miradi mingi wanazikubali.

Kanuni ya kwanza ni kwamba ingizo moja libebe jambo moja. Mwandishi aliyerekebisha hesabu yenye kosa, na papo hapo akapanga upya nafasi za mistari mia mbili kwa kupenda unadhifu, amemfichia msomaji sindano katika rundo la makumbi. Unadhifu ni jambo jema, ila uwe na ingizo lake. Kanuni ya pili ni kwamba kila ingizo liiache programu ikiwa nzima, inayoweza kujengwa na kufanya kazi. Sababu yake ni kwamba Git ina njia ya kuitafuta hitilafu kwa kugawa tarikhi nusu kwa nusu: huchukua ingizo la katikati, hujaribu, kisha huitupa nusu isiyohusika na kuigawa iliyobaki. Kwa hesabu hiyo, maingizo 1,000 huchunguzwa kwa majaribio yapatayo 10 tu. Lakini iwapo waandishi waliingiza kazi nusunusu, mtafutaji atakwama njiani kila mara kwa makosa ambayo siyo anayoyatafuta.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na sanaa. Kila ingizo lina maelezo, na desturi iliyoenea huyataka yaanze kwa mstari mmoja usiozidi sana herufi 50, kisha pawe na mstari mtupu, ndipo yafuate maelezo marefu. Mstari wa kwanza hufanya kazi ya kibwagizo, kwani ndio utakaosomwa peke yake katika orodha ndefu, na ufinyu wake humlazimisha mwandishi kupima maneno kama mshairi apimaye mizani. Maelezo yanayofuata ni mahali pa sababu: tatizo lilikuwa nini, lilijitokezaje, njia gani nyengine zilifikiriwa zikaachwa, na badiliko hili linaweza kuathiri nini. Mwandishi mvivu huandika "marekebisho" akaondoka zake. Neno hilo ni kweli, nalo halimfai mtu yeyote.

Gharama ya sababu isiyoandikwa ilionekana katika mradi wa Debian, mojawapo ya familia kubwa za Linux. OpenSSL ni programu inayotengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano, na usalama wa funguo hizo unategemea bahati nasibu isiyoweza kukisiwa. Mwaka 2006 chombo cha kukagua msimbo kilikuwa kikilalamikia mistari miwili iliyofanana sura. Mlezi wa toleo la Debian aliuliza kwa nia njema, hakupata pingamizi, akaizima yote miwili. Mmoja haukuwa na madhara. Wa pili ndio uliokuwa mlango ambao bahati nasibu ilipitia, na pembeni yake hapakuwa na neno la kumwonya mtu. Tangu hapo funguo zilizotengenezwa katika mashine hizo, kwa kila aina na ukubwa, hazikuzidi 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote. Hitilafu ilitangazwa Mei 2008, na funguo zisizo na hesabu zikalazimika kutupwa na kutengenezwa upya. Baadaye katika msimbo wa OpenSSL paliwekwa onyo kwa herufi kubwa kwamba mstari huo usiondolewe. Sentensi moja kama hiyo, lau ingekuwapo kabla, ingeokoa miaka miwili ya hatari.

Wafasiri nao wamo katika habari hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ufasiri wa programu hufanywa mstari kwa mstari, neno la asili juu na tafsiri chini yake, na faili hizo huhifadhiwa daftarini kama msimbo wenyewe. Na tuchukue mfano wa mfasiri anayechagua "jalada" kwa sababu "faili" lilikwishatumika kwa maana nyengine katika ukurasa huo huo. Asipoiandika sababu yake, atakuja mwenzake baada ya mwaka, ataliona "jalada" kuwa ni neno la mazoea ya mtu mmoja, na atalirudisha "faili" mahali pote. Wa tatu atakuja kurejesha "jalada". Hao watatu hawatakuwa wakijadiliana, kwa kuwa hakuna aliyemwachia mwenziwe hoja ya kujibu. Watakuwa wakifutana.

Zipo pia kanuni za mipaka. Rasimu ambayo bado imo mikononi mwa mwandishi peke yake anaweza kuipanga upya apendavyo, akaunganisha maingizo, akasafisha maelezo, kama mshairi anavyofuta na kuandika kabla ya kuusoma utungo wake barazani. Kazi ikishatolewa kwa watu, tarikhi yake haiguswi tena. Kosa lililokwisha kutangazwa hurekebishwa kwa ingizo jipya linalolitaja lile la zamani, na kosa likabaki mahali pake kwa watakaokuja kujifunza. Kwa sababu hiyo hiyo neno la siri halitiwi daftarini hata mara moja. Atakayelifuta kesho atakuwa amelifuta katika ukurasa wa juu tu, na katika kurasa za nyuma litaendelea kusomeka. Akishalitoa, dawa yake ni kulibadili.

Je, daftari lililotunzwa kwa adabu zote hizi linatosha? Mwaka 2024 ulileta jawabu chungu. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana faili, iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi ilikuwa ikilelewa na mtu mmoja aliyejitolea bila ya malipo. Alijitokeza msaidizi anayejiita Jia Tan, akatuma viraka vyema kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa ufunguo wa hazina. Kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri uliolenga kuivunja njia ambayo wasimamizi wa seva huitumia kuingia kutoka mbali. Sumu ilifichwa ndani ya faili zilizodaiwa kuwa ni za majaribio, na maelezo ya maingizo yake yalikuwa ya kistaarabu, yenye sababu zilizoandikwa vizuri. Zilikuwa sababu za uongo. Kipande cha mwisho cha hila hakikutiwa daftarini kabisa. Kiliwekwa tu katika fungu la toleo lililosambazwa, ambalo wengi hulichukua bila ya kulilinganisha na hazina.

Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima mwendo wa programu nyengine. Aliona kwamba kuingia katika mashine kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya ilivyokuwa kawaida. Watu wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuata hadi kwenye chanzo chake, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangaza kwa wote, kabla hila hiyo haijaenea katika matoleo ya kudumu ya mifumo mikubwa. Baada ya hapo daftari lilifanya kazi yake: kila ingizo la Jia Tan lilikuwapo, na tarehe yake, na maneno yake, na wachunguzi waliweza kuzirudia nyayo zake hatua kwa hatua.

Kisa hiki hakiishushi thamani adabu ya kuandika, ila kinaonesha inakoishia. Muhuri huthibitisha kwamba maneno hayajageuzwa tangu yaandikwe, na hauthibitishi kwamba yalikuwa kweli tangu mwanzo. Kazi hiyo ya pili haina chombo cha kuifanya isipokuwa jicho la msomaji. Na katika programu huria wasomaji ni adimu kuliko waandishi. Kila mtu anapenda jina lake lionekane juu ya badiliko jipya, wachache wanakaa kulisoma badiliko la mwengine, kuuliza lilikotoka, na kulinganisha kilichoandikwa daftarini na kilichomo ghalani. Mlezi anayefanya hayo peke yake kwa miaka huchoka, na uchovu wake ndio uliokuwa mlango wa kwanza ambao Jia Tan aliupitia, kabla ya ule wa siri.

Basi kijana wa visiwani anayetamani kuihudumia programu huria, naye hajioni kuwa ni bingwa wa msimbo, ana pa kuanzia. Achague programu ndogo anayoitumia kila siku, aifungue tarikhi yake, asome maingizo ya mwezi mmoja, na palipoandikwa "marekebisho" bila ya maelezo aulize kwa upole: marekebisho ya nini?